Hedwig Noske, Fundi Aliyeuliza Barabara Kwanza

Mchungaji, Babu, ndugu, majirani, na mafundi mliofunga gereji zenu siku ya kazi ili muwe hapa, mimi ni Tamsin Pascoe, mjukuu wa marehemu kwa binti yake Glenys, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya bibi yetu, Hedwig Lorna Noske, tangu alipozaliwa hadi alipotutoka Jumamosi iliyopita. Tarehe zote nimezihakiki kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa hili, kwenye vyeti na kwenye daftari za karakana yake, na pale ambapo daftari na kumbukumbu ya Mjomba Errol havikupatana nimefuata daftari, kwa idhini yake, ingawa aliitoa kwa shingo upande. Mniwie radhi kwamba nitasoma pia kosa langu mwenyewe, kwa sababu kazi ya mwisho aliyotuachia Bibi ilikuwa kumfikisha hospitali bila maumivu, ndani ya gari lililorekebishwa kwa mikono yangu, na kazi hiyo siwezi kuisimulia nusu.

Marehemu alizaliwa hapa Lobethal siku ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 1946, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa mhunzi Berthold Rohrlach na mkewe Elfrieda, akabatizwa Jumapili ya tarehe 5 Mei mwaka huohuo kwenye kisima kile kilicho kushoto kwangu. Baba yake alitengeneza springi za bapa za malori yaliyobeba matofaa na cheri kutoka mashambani, na inasemwa na wazee wa familia kwamba mtoto huyu aliweza kulala usingizi fofofo mita tano kutoka kwenye fuawe, lakini nyundo ikinyamaza ghafla aliamka na kulia.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia Januari 1952 hadi Desemba 1958, kisha sekondari ya Birdwood hadi mwisho wa mwaka 1961, alipoacha akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, si kwa kushindwa, bali kwa sababu wakati ule binti wa mhunzi hakuulizwa anataka kuendelea au la. Ripoti yake ya mwisho tunayo, hesabu ameshika nafasi ya kwanza, ushonaji nafasi ya mwisho, na mwalimu ameandika kwamba Hedwig huvua viatu darasani bila ruhusa. Tabia hiyo nawaomba muishike, kwa maana ndiyo iliyokuja kumlisha.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha blanketi cha hapa kwetu kwa miaka miwili na miezi saba, hadi Agosti 1964, baba yake alipovunjika mkono wa kulia naye akaitwa nyumbani ashike nyundo kwa muda wa wiki sita. Wiki hizo sita zilikwisha mwezi Aprili mwaka huu.

Mwaka 1968 mwalimu mmoja wa muziki aliwaletea gari dogo la michezo la viti viwili, akalalamika kwamba limewekewa springi ngumu za mashindano na fundi wa mjini, na kwamba kila akipita kona yenye matuta gari linaruka kando kama mbuzi. Mzee Rohrlach alitaka kulikataa, akisema yeye ni mtu wa malori, lakini Bibi alimwuliza mwalimu analiendesha wapi, akajibiwa ni kati ya Lobethal na Cudlee Creek kila siku, basi akaingia kiti cha abiria, akavua viatu, akaweka nyayo zake kwenye bati la sakafu, akamwambia mwalimu aendeshe kama kawaida. Waliporudi alikuwa na jibu, kwamba springi ilikuwa ngumu kuliko barabara, kwa hiyo kila tuta lilipoinua tairi, tairi lilibaki hewani kwa kitambo, na tairi lililo hewani halishiki kona wala breki, liwe la bei gani. Alimwekea springi laini zaidi, akatafuta shokapu zenye nguvu ya kutosha kuzituliza springi hizo zisiyumbe baada ya tuta, na huyo mwalimu hakupeleka gari kwingine kwa miaka thelathini na mmoja.

Tangu siku hiyo ilikuwa desturi yake kutogusa spana kabla ya kuuliza barabara, na wengi wenu mliohudhuria hapa mmeulizwa. Brodie Tamke, ambaye ni mmoja wa wabeba jeneza leo, ameniruhusu nisome yaliyompata mwezi Machi 2003, alipokuja na gari lililoshushwa hadi likakaribia kulamba lami, Bibi akamwuliza, "Unakwenda wapi na hili, mwanangu?" naye akajibu, "Popote, mama," na Bibi akamwambia, "Popote si barabara, nitajie barabara." Akamtajia njia ya kwao Gumeracha, wakatoka, Bibi miguu mitupu, na baada ya kilomita tatu akamgonga begani akasema, "Simama, mwanangu, nishuke, figo zangu zimebaki kule darajani." Brodie aling'ang'ania kwamba gari la michezo lazima liwe gumu, la sivyo ni gari la mabibi, naye akajibiwa, "Basi umefika, bibi ndiye mimi." Gari lilipandishwa milimita thelathini na springi zikabadilishwa, na wiki iliyofuata kijana alirudi na sanduku la cheri bila kusema neno, jambo ambalo Bibi alilihesabu kuwa hotuba.

Desturi yake ya pili ilikuwa ile mifuko ya turubai. Gari la viti viwili ni jepesi, na uzito wa dereva hulifanya liinamie upande mmoja, kwa hiyo ukilipima likiwa tupu unapima gari ambalo halipo barabarani kamwe. Bibi aliwapandisha wateja wote kwenye mizani ya baba yake ya kupimia viazi, akajaza mfuko wa turubai mchanga wa uzito huohuo, akaandika jina na kilo kwa rangi nyeupe, akaufunga mfuko kwenye kiti cha mwenyewe, ndipo akaweka mizani nne, moja chini ya kila gurudumu, na kuanza kurekebisha. Mifuko iliyopo bandani nimeihesabu juzi, ni mia mbili na kumi na saba, na humo mna wazee wetu waliokwisha kuzikwa wakiwa wamepangwa kwenye rafu kwa alfabeti. Jirani yetu Bi. Beryl Kumnick alipojaribu mwaka 1988 kutaja kilo sitini bila kupanda mizani, Bibi alimtazama juu hadi chini akamwambia, "Beryl, mimi naweza kukustahi, lakini gari halina adabu, kwenye kona ya kwanza litasema ukweli." Bi. Beryl yupo hapa, ananionyesha kidole, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba kilo sikuzitaja.

Marehemu alifunga ndoa na Bwana Murray Noske, ndiye Babu yetu, dereva wa lori la matofaa, katika kanisa hili Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 1968. Walikuwa wamejuana mwaka mmoja kabla, alipoleta lori lenye springi iliyokatika, akarudi wiki iliyofuata na nyingine, na wiki ya tatu Bibi alipoikagua springi alikuta alama za msumeno, akamwambia, "Kaka, kama unataka kunisalimia mlango uko wazi, lori lina kosa gani?" Walijaliwa watoto wawili, Errol aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1970 na Glenys aliyezaliwa tarehe 22 Machi 1973, na mwaka 1974, wakiwa na watoto wawili wadogo, walinunua gari la viti viwili, Datsun ya kijani ya mwaka 1972, iliyokuwa imepinda pua. Mama yangu bado analizungumzia. Bibi aliponyooshewa kidole na mama mkwe wake, alijibu kwamba familia tayari ina lori.

Baba yake alifariki tarehe 30 Novemba 1978, na tarehe 1 Julai 1979 Bibi alifungua karakana kwa jina lake mwenyewe, akaiendesha kwa miaka arobaini na minne na zaidi, akiwafunza mafundi kumi na wawili, wa mwisho wao akiwa mimi, niliyekuja Februari 2022 na shahada ya uhandisi, kompyuta, na mazoea ya kukagua jambo mara nne kabla ya kulifanya na mara mbili baada ya kulifanya. Bibi hakuidharau kompyuta. Aliitazama ikichora mistari ya mwendo wa gurudumu, akasema, "Inajua kuhesabu, sasa ivue viatu."

Maradhi yalianza na maumivu ya mgongo, na tarehe 12 Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya uboho. Dawa zilimsaidia kwa miezi kadhaa, lakini kufikia mwezi Februari mwaka huu zilikuwa zimemtia ganzi nyayo zote mbili, na hilo hakulilalamikia kwa daktari, alimwambia Babu tu, wakiwa bustanini, kwamba barabara imenyamaza. Mwezi Mei mifupa ya mgongo ilikuwa imedhoofika sana, na Dkt. Raman akaamuru matibabu ya mionzi mara kumi, katika hospitali ya mji mkubwa, umbali wa kilomita thelathini na tatu kutoka mlangoni petu, kwa njia ya Basket Range na Norton Summit, ambayo mnaijua ilivyojaa kona.

Jumanne ya tarehe 28 Mei alipelekwa kufanyiwa vipimo vya maandalizi kwa gari refu la kusafirishia wagonjwa, lenye springi laini sana, na dereva alikuwa mwangalifu na mpole, hatuna lawama kwake. Lakini gari refu na laini huyumba, na kwenye kona zilizo chini ya Norton Summit lilimlaza kulia na kushoto, kulia na kushoto, hadi mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia akalia kwa sauti. Aliporudi alisema hataki tena, na alimaanisha matibabu, si gari. Babu alikaa karibu naye, akamwambia, "Mke wangu, watu wote hawa umewafikisha kwao bila kuumia, wewe peke yako ndiye ushindwe?" Bibi akafikiri, akasema, "Godoro linaloyumba si godoro. Mwiteni Tamsin, alete Datsun."

Kazi aliyonipa ilikuwa hii: springi laini kwa ajili ya mifupa yake, shokapu zilizokazwa kiasi cha kuzuia gari lisiendelee kucheza baada ya tuta, na ile fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu ya kulia na kushoto iwe nene zaidi, ili gari lisilale kwenye kona. Kiti kililazwa nyuma, miguu inyooke, uzito wake utawanyike usishuke wote kwenye uti wa mgongo. Miadi ya kwanza ilikuwa Jumatatu ya tarehe 3 Juni, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, nami nilikuwa na siku nne, na Bibi hakuwa na nyayo za kunisahihisha.

Nilimaliza Jumamosi. Nilikagua kila nati, nambari zote zilikubaliana na hesabu zangu, na Jumapili ya tarehe 2, baada ya ibada, Babu alimzungusha Bibi polepole hadi lango la shamba na kurudi, mita mia nne tu, na alipofungua mlango uso wa Bibi ulikuwa mweupe kama karatasi. Kila jiwe lilikuwa limemfikia. Nilisimama pale na daftari langu mkononi, nikasema nambari ni sahihi, nambari zote ni sahihi. Bibi aliomba kiti cha jikoni, akaketi mbele ya gari, akaliangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa, kisha akasema, "Limesimama kama paka aliyemwagiwa maji. Tamsin, zile bushi ulizikazia wapi, juu au chini?"

Kwa wasio mafundi nitaeleza: mikono inayoshika magurudumu hufungwa kwa bushi za mpira, na mpira huo ukikazwa wakati gari liko juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, basi gari likishushwa mpira hujisokota kama kitambaa kinachokamuliwa, ukashindana na springi, ukaliinua gari na kulifanya gumu. Kompyuta haikuniambia kwa sababu sikuiuliza. Nilijibu kwamba nilizikazia juu. Nilitegemea hasira, na hasira ningeistahili, lakini Bibi alimgeukia Babu akasema, "Mwaka 1965 baba alinipiga kofi kwa kosa hilihili. Wewe mpe chai, kisha aanze upya, bado kuna mwanga kwa muda wa saa tano."

Tulianza upya. Nililegeza bushi zote, tukashusha gari likasimama kwa miguu yake, tukaleta mifuko miwili ya mchanga, wa Babu na wa Bibi, tuiweke vitini ili gari likae kama litakavyokaa likiwa nao. Mfuko wa Bibi uliandikwa kilo sitini na moja, uzito wake wa mwaka 2011. Asubuhi ile muuguzi alikuwa amempima, kilo arobaini na saba. Nilifungua kamba, nikateka mchanga kwa kopo la jamu, nikamwaga kwenye ndoo, nikapima, nikateka tena, na nilipofika hamsini nikasimama nikasema inatosha. Bibi akasema, "Punguza." Nikasema kilo tatu si kitu. Akasema, "Usinipendelee kwa mchanga, mjukuu wangu, gari litajua. Punguza." Babu alitoka nje kuangalia kuku, ambao walikuwa wamekwisha kulishwa. Nilipunguza hadi arobaini na saba, nikafuta nambari ya zamani na kuandika mpya, tukalisukasuka gari hadi likatulia lenyewe, ndipo nikalala chini yake na kukaza bushi moja baada ya nyingine, Bibi akinihesabia kwa sauti bila kuiona hata moja.

Jumatatu Babu aliendesha, Bibi akiwa kushoto kwake, nami nilifuata nyuma na Mjomba Errol, kwa kuwa Datsun ina viti viwili, kama mama yangu anavyokumbusha. Tulikuwa tumekubaliana ishara: kwenye kila kona mbaya Babu atatoa mkono dirishani, ngumi ikiwa anaumia, kiganja wazi kama ni salama. Tulipita Basket Range bila mkono. Tulifika juu ya Norton Summit, tukaanza kuteremka kwenye kona zile alikolia, na kwenye kona ya pili mkono ulitoka, nikafumba macho, na Mjomba Errol akasema, "Fumbua, mama, fumbua uone." Kiganja kilikuwa wazi. Hospitalini Babu alitueleza kwamba hakuwa na haja ya kumwuliza Bibi kama anaumia, kwa sababu tangu kona ya kwanza alikuwa anakoroma.

Alikwenda mara zote kumi, kuanzia tarehe 3 Juni hadi tarehe 17, bila kukosa, isipokuwa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu ya tarehe 10 iliyokuwa sikukuu, na kwa hesabu ya Babu alilala usingizi mara saba. Mionzi haikumponya, wala hatukuahidiwa hivyo, lakini ilimwondolea maumivu, akapata karibu wiki tatu za kuketi dirishani, kula keki yake ya makombo ya siagi, na kuwatukana kwa upendo waliokuja kumtazama. Mara mbili tulimpima tena na kupunguza mchanga, hadi arobaini na tano, kisha, Jumapili ya tarehe 16 Juni, hadi arobaini na tatu, na kila mara nililegeza shokapu hatua moja, na kila mara alikagua kazi yangu kwa kulaza kiganja kwenye paa la gari, na siku hiyo ya mwisho aliniambia, "Sasa unasikia." Alifariki nyumbani, kitandani mwake, Jumamosi ya tarehe 6 Julai 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono na watoto wote wawili wakiwa chumbani, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, miezi miwili na siku ishirini na saba. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na karakana, ambayo itafunguliwa Jumatatu, nami nitauliza barabara.

Familia inamshukuru Dkt. Raman na wauguzi wake, pamoja na yule mlinzi wa hospitali aliyeruhusu gari la michezo la miaka hamsini na mbili kuegeshwa siku kumi mahali pa magari ya wagonjwa, akiliita ambulensi ya kijani. Tunamshukuru Bi. Beryl Kumnick aliyefua, akapika na kukesha, akina mama wa kanisa walioandaa keki zinazotungoja ukumbini, na mafundi wenzake wa milima hii, mliobishana naye kwa miaka sitini na mkaja leo mkiwa mmevaa suti.

Ombi moja la mwisho kabla hatujatoka. Jeneza litatangulia kwenda makaburini, na Babu atafuata akiendesha Datsun, na mtakapopita karibu nayo mtaona kwamba kwenye kiti cha kushoto kuna mfuko wa turubai umefungwa mkanda, umeandikwa HEDWIG, 43. Naomba mtu yeyote asiutoe kwa kudhani umesahauliwa. Gari lile limewekwa kwa ajili ya watu wawili, kiti kile kikiwa kitupu litainama upande wa Babu, na barabara ya kwenda kule ina kona.

Pumzika kwa amani, Bibi, viatu tumeviacha nyumbani.